Mlingoti umekauka shoka linarudi: jibu kwa dada wa Njombe anayetaka kuchanja kuni zake mwenyewe

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Habari bwana misitu. Tumehamia Njombe, tuna shamba la miti la familia ekari moja na nusu, mengi ni milingoti (mikaratusi) na miwati kidogo. Nimechoka kununua kuni za trekta, zinakuja mbichi moshi mtupu. Tuliangusha mlingoti mmoja, pingili zikakaa uani zaidi ya nusu mwaka tukisubiri zikauke ndo tuchanje, sasa shoka likigonga linarudi, na ukifanikiwa kupasua ndani bado kuna unyevu. Mume wangu yuko safarini muda mwingi, kazi ni yangu na kijana wa nyumbani, na mgongo wangu sio mzima sana. Nielekeze mwanzo mpaka mwisho."

Dada yangu pole, ila mgongo wako hauna kosa hapo na wala kijana hana uvivu. Mmefuata mpangilio ambao watu wengi sana wanaufuata, kukausha kwanza halafu kuchanja, na kwa mlingoti ni kinyume kabisa. Mlingoti nyuzi zake zimesokotana, ukiwa mbichi maji yanazilainisha zinaachia, ukishakauka zinabana na mti unakuwa mgumu kweli kweli. Halafu gome na unene wa pingili vinazuia maji ya katikati yasitoke, yanatoka taratibu tu kwenye zile ncha mbili ulizokata, kwa hiyo baada ya miezi sita unakuta nje pamekaza na ndani bado pabichi, yaani umepata hasara zote mbili kwa mpigo. Kwa hiyo sheria ya kwanza na ya mwisho: angusha, kata pingili, chanja ndani ya wiki hiyo hiyo, halafu ndo kausha. Muwati hauna shida hiyo sana, wenyewe unapasuka vizuri hata ukichelewa, ndo maana watu waliozoea miwati wakihamia kwenye milingoti wanaona kama wamerogwa.

Hizo pingili ulizonazo usizipige katikati. Anza pembeni, unamenya ubavu kwa ubavu kuzunguka, kila pigo linatoa banzi la unene wa vidole vitatu hivi, mpaka kinabaki kiini kidogo katikati, hicho sasa kitapasuka. Angalia zile nyufa zilizojitokeza kwenye ncha wakati wa kukauka, piga kwa kufuata ufa wala usiukatishe. Pingili yenye fundo, pale tawi lilipokuwa limeota, geuza fundo liwe chini mbali na shoka. Ikikataa kabisa achana nayo, usiue mgongo kwa ajili ya kuni moja, weka pembeni siku ya shughuli unapopika sufuria kubwa itaingia nzima nzima.

Sasa kwa nini nasumbuka sana na unyevu. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Kuni iliyokauka vizuri kwa hewa inabaki na asilimia 15 mpaka 20. Watu wanadhani hasara ni joto linalotumika kuchemsha hayo maji, ni kweli lipo, lakini ukipiga hesabu siyo ndo kubwa kuliko zote. Kubwa ni kwamba maji yanapoza moto wenyewe. Kuni haiungui kama kuni, inapata joto kwanza inatoa gesi, na gesi ndo inayowaka ile miali unayoiona, sasa moto ukiwa umepoa zile gesi zinatoka bila kuungua, ndo huo moshi unaokutoa machozi na hayo masizi kwenye sufuria. Yaani moshi wa kuni mbichi ni kuni uliyoinunua inapaa hewani. Hao wa trekta wanakuuzia maji, na wanakuuzia kwa bei ya kuni.

Kabla hujagusa mti jua unahitaji kiasi gani. Omba mizani, pima kuni kavu unazotumia siku moja ya kawaida. Tuseme ni kilo 6, mwaka mzima inafika kama tani 2 na kilo 200. Ukizipanga ni mita kama tano na nusu za ujazo, picha yake ni ukuta wa kuni za sentimita 40, kimo mita moja na nusu, urefu mita 9. Kwa milingoti yenye unene wa sentimita 20 hivi usawa wa kifua na urefu wa mita 18, hiyo ni miti kama 14. Shamba la ekari moja na nusu lililopandwa mita 3 kwa 3 lina miti zaidi ya 600, kwa hiyo shamba lako halitaisha, na mlingoti ukikatwa vizuri unachipua tena kwenye kisiki. Mengine kauze nguzo.

Hapa kwenye kuchipua pana jambo la majira ambalo huku kwetu juu lina utata kidogo. Kwa ajili ya kukausha, muda mzuri ni masika yanapoisha, mwisho wa Mei kuingia Juni, maana unapata kiangazi chote mpaka mvua za Novemba au Desemba. Lakini kisiki kikianza kuchipua Juni au Julai, na shamba lako liko bondeni ambako barafu ya alfajiri inatua, machipukizi machanga yanaungua yote. Kwa hiyo mi nagawa: miti ya mgongoni mwa kilima kata Mei mwishoni, ya bondeni subiri Agosti, kuni zake zitapata miezi mitatu ya jua na upepo na huo upepo wa Agosti na Septemba unakausha kuliko jua lenyewe, ila hizo chanja nyembamba zaidi. Kisiki kiache sentimita 10 mpaka 15 kutoka ardhini, kata kwa msumeno, uso uwe umelala kidogo maji yatiririke, na gome lisichanike kwenda chini kwa sababu machipukizi yanatokea hapo hapo chini ya gome. Yakishafika urefu wa mtu bakiza mawili au matatu yaliyonyooka, mengine toa. Muwati usiutegemee kuchipua kwenye kisiki, wenyewe unarudi kwa mbegu, zimejaa ardhini zinasubiri tu, utaota mpaka uchoke kupunguza.

Kuangusha. Hapa nitakuwa mkali. Mti unaoegemea upande wa nyumba, mti ulio karibu na waya wa umeme, mti uliooza katikati, mti mnene kuliko sentimita 25, hiyo siyo kazi yako wala ya kijana, tafuta mtu wa chenso (msumeno wa injini) anayejulikana mtaani, mlipe kwa siku, akuangushie na kukukatia pingili zote siku hiyo hiyo. Mi naona kwa mtu mwenye mgongo mbovu hii ndo hela inayotumika vizuri kuliko zote, kwa sababu kukata pingili kwa mkono ndo kazi inayokula mwili, kuchanja kunafurahisha hata. Na usimruhusu kijana ashike chenso ya kuazima "kujaribu kidogo", ile ncha ya juu ya upanga wake ikigusa kitu inaruka kurudi usoni kabla hujajua kimetokea nini.

Miti midogo mnaweza wenyewe na msumeno. Angalia kwanza juu, mti umeegemea wapi, matawi mazito yako upande gani, upepo unatoka wapi, na siku ya upepo usikate kabisa. Safisha njia mbili za kukimbilia, za kurudi nyuma kimshazari, siyo nyuma moja kwa moja kwa sababu shina linaweza kuruka kinyumenyume. Upande unaotaka uangukie toa mdomo, robo ya unene wa mti au zaidi kidogo, halafu nenda nyuma ukate juu kidogo ya usawa wa mdomo, vidole viwili hivi, na usikate mpaka mwisho, bakiza ubao mwembamba katikati kama sehemu moja ya kumi ya unene. Huo ubao ndo bawaba, ndo unaouongoza mti ulale unapotaka, ukiukata wote mti unaamua wenyewe. Mlingoti unaoegemea sana una tabia ya kupasuka kwenda juu ukiwa hujamaliza kukata na lile banzi linapiga mtu kifuani, ndo maana nimesema wenye kuegemea achia mafundi. Mti ukikwama juu ya mwenzake usiingie chini yake kuutingisha, na usiukate ule ulioushika. Weka alama, watu wasipite, ita mwenye uzoefu.

Urefu wa pingili unategemea jiko. Jiko banifu mdomo wake mdogo, sentimita 30 mpaka 35 zinatosha. Mafiga yanapokea chochote, na najua wengi huku wanaingiza fito ndefu na kuzisukuma kadiri zinavyoungua, inaokoa kazi ya msumeno sana tu siwezi kuwadharau, tatizo fito nzima haikauki vizuri na inatokeza nje watoto wanajikwaa, sufuria inamwagika. Mi nakata 40. Kwa kukatia tengeneza stendi ya fito nene, X mbili zilizounganishwa kwa mbao chini, gogo linalala juu usawa wa kiuno, unakata umesimama wima. Kukata ukiwa umeinama na mguu juu ya gogo ndo kunaua mgongo, na ndo watu wanapojikata goti.

Kuchanja sasa. Unahitaji gogo la kuchanjia, pingili pana iliyokaa imara, kimo chini ya goti, ukiliweka juu sana pigo linaisha nguvu kabla halijafika. Tafuta tairi bovu la gari, lilaze juu ya gogo, pingili inaingia ndani ya tairi, unachanja vipande vinabaki vimesimama humo humo, huinami kuokota kila pigo na shoka likiteleza linagonga mpira badala ya mguu. Hii peke yake ingekuokolea nusu ya maumivu. Simama miguu imepanuka, pingili mbele yako kwa umbali ambao mikono ikinyooka shoka linatua katikati, pandisha, liache lishuke kwa uzito wake, na wakati linatua kunja magoti, siyo kiuno. Usilisukume kwa mabega. Ukiona umeanza kukosa lengo maana yake umechoka, acha. Muda wa saa moja kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, unamaliza rundo la kutisha bila mtu kulala na dawa ya kuchua.

Shoka lenyewe, mengi ya dukani ni membamba ya kukatia mti, yanazama yanakwama. La kuchanja linatakiwa liwe na mgongo mnene, kichwa kilo 2 hivi kinakutosha, kizito zaidi kitakuchosha bila faida. Kama huna, tumia kabari mbili za chuma na nyundo kubwa, fundi wa kuchomelea atakutengenezea. Kabari ikishapigwa sana kichwa kinachanua na kuota kingo, zile kingo zinakatika zinaruka kama risasi, peleka zikasagwe kwa grinda, na vaa miwani hata ya plastiki. Usitumie mgongo wa shoka kama nyundo ya kupigia kabari, tundu la mpini linapasuka. Na mpini ukilegea usiloweke shoka kwenye ndoo, najua wote tumekulia tukiona wazee wanafanya hivyo, mbao inavimba leo inabana, ikikauka inasinyaa kuliko ilivyokuwa na kesho kichwa kinaruka. Gonga kabari mpya ya mti mgumu juu ya mpini, basi. Noa makali kidogo kwa tupa kila baada ya kazi. Gambuti au viatu vigumu, sio ndala, na watoto na kuku mbali.

Chanja unene tofauti. Za kupikia ziwe unene wa kifundo cha mkono au chini yake, zinashika haraka na hazina moshi, za kuotea jioni ziwe nene mara mbili. Vibanzi vya kuwashia tengeneza kwa paini ukipata, utomvu wake unawaka hata asubuhi ya baridi, lakini paini isiwe kuni yako kuu, masizi mengi na inaisha haraka. Matawi ya parachichi mliyopogoa yakikauka yanafaa kuanzishia. Mgrivea ni mwepesi lakini msafi. Mnyaa usiulete kabisa, ule utomvu mweupe ukiingia jichoni ni hospitali.

Kupanga ni nusu ya kukauka. Chagua sehemu inayopitiwa na upepo, siyo nyuma ya nyumba kwenye kivuli. Weka mawe, juu yake fito mbili ndefu, kuni ziwe juu ya ardhi sentimita 15 hivi mchwa wasipande na hewa ipite chini. Panga safu moja tu ya upana, ncha ziangalie upepo, acha uwazi kati ya kuni na kuni, sio kubana kama matofali. Juu weka bati na mawe, pembeni acha wazi. Watu wanafunika na turubai mpaka chini, unyevu unakosa pa kutokea, unafungua Septemba unakuta ukungu. Usiegemeze ukuta wa nyumba, utakaribisha mchwa na nyoka. Zikichanjwa Mei mwishoni na kupangwa hivyo, za kupikia zinakuwa tayari kuanzia Septemba, nene zisubiri Oktoba. Halafu kila wiki hamishia mzigo mmoja kwenye uchaga juu ya jiko zimalizikie hapo, mbali na miali tafadhali.

Usibahatishe kama zimekauka. Siku ya kuchanja chagua vipande vitatu vya ukubwa tofauti, andika uzito kwa kalamu ya makapeni hapo hapo kwenye kuni, virudishe katikati ya rundo, pima tena kila baada ya wiki mbili. Kipande cha kilo 2 ambacho nusu yake ilikuwa maji kitashuka mpaka kilo 1 na robo hivi, na uzito ukigoma kushuka kwa vipimo viwili mfululizo, kuni imefika. Ukigonga mbili pamoja zinalia kwa sauti kali, mbichi zinatoa sauti ya kufa, lakini mizani haidanganyi.

Kuhusu mgongo tena: uzito upungue kabla hujaubeba. Pingili mbichi ya mlingoti ya kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa 40 inakaribia kilo 30, usiinue, izungushe kwa mguu. Kama shambani hakuna wizi chanja na panga huko huko, ubebe baada ya miezi mitatu ambapo zaidi ya theluthi ya uzito imeshapaa hewani. Toroli ni bora kuliko kichwa, kama ni kichwa basi ngata nzuri na mzigo mdogo.

Jambo moja hukuuliza ila kwa baridi ya Njombe lazima niseme. Makaa mekundu ya hizi kuni usiyaingize chumbani kuotea usiku na kufunga madirisha. Hayana moshi ndo yanadanganya, hewa yake ya sumu haina harufu, familia inalala haiamki. Otea jikoni, ukienda kulala makaa yabaki huko huko.

Na sheria kidogo. Miti iliyo ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji au mto, usiiguse kabla hujaongea na ofisi ya kijiji na afisa misitu, hata kama uliipanda wewe. Kuni za matumizi ya nyumbani kutoka shamba lako kuingia uani kwako ni jambo jepesi, ila ukitaka kupakia kwenye gari upeleke mjini kwa ndugu, ulizia kibali cha kusafirisha kwanza, geti la mazao ya misitu hawatakuuliza kama ni zawadi.

Kwa mwaka huu, kwa kuwa umeniuliza Aprili na mvua bado ipo, usikate kitu leo. Tengeneza stendi ya msumeno, tafuta tairi, chomelesha kabari, weka mawe na fito mahali pa kupangia, ongea na mtu wa chenso akupe siku mwisho wa Mei. Za kupikia mpaka Septemba nunua trekta moja ya miwati na siyo milingoti, kagua ncha kama zina nyufa kabla hujalipa, na zikifika uani usizimwage rundo, chanja na panga siku hiyo hiyo chini ya bati, ndani ya wiki kadhaa utaona tofauti kwenye moshi. Kijana akianza kuchanja mlingoti wa Mei ukiwa mbichi na akaona kila pigo linaachia, mwambie asimalize zote peke yake, akuachie na wewe.